Baba Naye Akajiuzulu

Siku kiongozi mkubwa wa nchi alipojiuzulu, mimi nilikuwa nachapa barua ya mbuzi. Nina duka dogo la steshenari hapa Manundu, Korogwe. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari, na zaidi ya yote nachapa barua za watu wanaojua wanachotaka kusema ila hawajui pa kuanzia. Mteja wa asubuhi hiyo alikuwa mzee kutoka Kwashemshi. Mbuzi wake alikuwa ameibiwa, na alitaka barua iende kwa mtendaji ikiwa na maelezo kamili ya mbuzi. Tulikuwa tumefika kwenye masikio. Hapo muuza vitenge wa jirani akaongeza sauti ya redio mpaka ikatubidi tunyamaze.

Kisa chenyewe nchi nzima ilikuwa inakijua. Mheshimiwa alikuwa ametuambia kwamba lipo ghala kubwa la mahindi ya akiba, na kwamba limejaa hadi mlangoni, kwa hiyo ukame usitutie hofu. Waandishi wa habari wakafunga safari kwenda kulitazama hilo ghala. Wakakuta uwanja wa nyasi na mtu mmoja anachunga punda. Zikafuata wiki tatu za kuelezwa kwamba ghala lipo, ila limehamishwa. Sasa ilikuwa saa tano asubuhi na mheshimiwa alikuwa anatangaza kwamba anawajibika na anaondoka.

Kijana mmoja aliyekuja kutoa kopi za vyeti akapiga makofi. "Jamaa kabwaga manyanga, aisee!" Muuza vitenge akasema afadhali. Mimi nimeshaona wengi wakiondoka na mahindi hayajawahi kurudi. Mzee wa Kwashemshi akaniuliza kama barua yake bado itafika.

Nilimwambia itafika. Tukarudi kwenye masikio.

Mchana baba akanipigia simu. Hilo peke yake lilinitisha, maana baba hapigi, anabipu, na ukimpigia anakuambia amebonyeza kwa bahati mbaya. Safari hii alipiga mwenyewe na sauti ilikuwa kavu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mtu mzima kasimama mbele ya nchi, kasema mimi basi. Kesho nakuja huko. Niwekee karatasi nzuri."

Baba anaishi kijijini kwetu, upande wa Handeni, kule kukavu. Hana cheo chochote serikalini, ila kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Kazi hiyo haina mshahara. Ina ufunguo. Aliyeushika ndiye anayefungua pampu asubuhi na kuifunga jioni, ndiye anayeamua foleni imeanzia wapi, na ndiye anayemkemea mtu akifulia nguo pale. Nimewahi kumwona diwani akisubiri maji ya kuoshea gari huku baba anamalizia chai yake taratibu. Kisima chenyewe kiko hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu. Nilizihesabu nilipokuwa mtoto, na niliona ni jambo la kawaida kabisa, kama jua linavyochomoza upande wa shule.

Kesho yake akafika na gari la asubuhi. Alivaa kanzu na koti lake la kahawia la mikutano, na mkononi alikuwa na mfuko wa unga wa muhogo, maana hajawahi kuniamini kwamba mjini kuna mtu anayejua kusonga ugali wa bada. Nikamkaribisha ndani ya kaunta. Akakataa. Mbele yake walikuwepo wateja wawili, na yeye akakaa kwenye benchi nyuma yao.

"Nimekuja kikazi," akasema.

Zamu yake ilipofika nikafungua barua ya mfano niliyonayo kwenye kompyuta. Barua zote za kiofisi ni moja. Ukishaandika YAH na kupiga mstari chini yake, kisha "Husika na somo tajwa hapo juu," nusu ya kazi imekwisha. Nikaandika kwa herufi kubwa: KUJIUZULU UENYEKITI WA KAMATI YA MAJI. Baba akanyoosha shingo kutazama, akaonekana kuridhika na ukubwa wa herufi.

"Sababu, baba? Niweke umri?"

"Hapana."

"Afya?"

"Siumwi."

"Sasa niweke nini?"

"Andika kwamba pale bondeni hakuna kaburi."

Niliacha vidole juu ya kompyuta. Hapa lazima nieleze kaburi, ingawa kijijini kwetu hakuna mtu wa kuelezwa.

Chini ya kijiji chetu kuna kitongoji cha Bondeni. Anaishi huko shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa huko kabla mimi sijazaliwa. Pembeni ya kitongoji pana rundo la mawe chini ya michongoma, na chini ya mawe hayo, kila mtu anajua, amelala mzee wa kale wa ukoo wetu. Pamezungushiwa minyaa. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli watu hufanya tambiko pale: hufagia, hunyunyiza unga na maji, huomba mvua, watoto, na siku hizi ajira. Mwalimu wa madrasa alipinga mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alisema yeye atasoma dua tu, na tangu hapo husoma dua tu, kisha anakula pamoja na wengine. Hata wafugaji wa Kimasai wanaoshuka na ng'ombe kutafuta malisho huwazungusha mbali kidogo, kwa heshima, ingawa mzee huyo si wao.

Aliyelitunza kaburi kuliko watu wote ni shangazi. Yeye ndiye binti wa ukoo aliye karibu. Ufagio wa pale ni wake.

"Wapima maji walipokuja mara ya kwanza," baba akasema, na alisema kwa sauti ileile ambayo angeniambia bei ya mahindi, "walitembea na mashine yao siku mbili. Wakapiga kigingi cha kwanza kule bondeni, pale kwenye mawe. Wakasema hapa maji yapo karibu, tena ni mengi. Cha pili wakapiga hapa kwetu juu. Wakasema hapa pia yapo, ila mtambo utapata tabu. Nikawaambia pale pa kwanza pana kaburi la mzee wetu."

"Na halikuwepo."

"Yale mawe aliyarundika babu yako akisafisha shamba. Mimi mwenyewe niliyabeba mengine."

"Kwa nini, baba?"

Alitazama kopi zilizokuwa zinatoka kwenye mashine. Nilitegemea aseme mama alikuwa mjamzito, au mgonjwa, au kwamba aliahidiwa kitu. Mama amefariki miaka mingi, angeweza kumsingizia bila kubishiwa.

"Nilitaka maji yawe karibu," akasema.

Kijiji kizima kilimwamini siku hiyohiyo, na wala hakikuwa kijiji cha wajinga. Kwetu sisi makaburi ya wazee wa zamani hayana maandishi; baba humwonyesha mtoto wake wa kiume, na huyo humwonyesha wa kwake. Babu alikuwa amekufa. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja. Akisema hapa ndipo nilipoonyeshwa, nani ambishie? Dada yake mkubwa hakumbishia kwa sababu mambo hayo mtoto wa kike haonyeshwi. Alichofanya ni kulia kidogo kwamba ameishi karibu na mzee wao miaka yote bila kujua, kisha akaenda kutafuta ufagio.

Nilimchukia baba yangu kwa muda wa kama dakika kumi. Nasema kumi kwa sababu katikati aliingia mteja wa picha za pasipoti, nikampiga picha, nikazikata, nikamfungia kwenye bahasha, na alipotoka bado nilikuwa namchukia. Baada ya hapo chuki ikahama, ikanijia mwenyewe, na huko imekaa muda mrefu zaidi.

Shangazi ana binti mmoja. Tulizaliwa mwaka mmoja na tulisoma darasa moja. Kisima kilichimbwa tukiwa darasa la nne. Kutoka kwao hadi kwetu ni karibu saa nzima ya kupanda na ndoo tupu, na kurudi ni kushuka na ndoo imejaa kichwani, na kushuka ndiko kunakoua magoti. Binamu yangu aliamka alfajiri kila siku, akaja kuchota na mama yake, akarudi, ndipo akaja shule. Mimi niliamka saa kumi na mbili, nikanawa uso kwa maji ya hatua arobaini. Yeye alichelewa karibu kila siku. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa, na kazi ya kiranja ilikuwa kuandika majina ya waliochelewa na kumpelekea mwalimu. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Jina lake nililiandika mpaka nikawa siangalii tena kama amefika au hajafika.

Darasa la saba mimi nikafaulu. Yeye hakufaulu. Mwaka ule wote shangazi alikuwa anaenda kwenye yale mawe na unga wake kumwombea bintiye afaulu.

"Na kwa nini useme leo?" nikamuuliza baba. "Kwa sababu ya redio?"

"Redio imenitia nguvu tu." Akaeleza kwamba mwezi uliopita walikuja wapima maji wengine, vijana, na mashine ndogo zaidi. Kuna mradi wa kisima cha pili. Walizunguka kijiji kizima wakaishia kupiga kigingi palepale, kwenye mawe ya babu, bila kuambiwa na mtu. Watu wakawakimbilia: hapo kaburini, hapo haiwezekani. Vijana wakasema hakuna mahali pengine panapofaa. Utaratibu wao ni kwamba kaburi haliguswi mpaka mkutano wa kijiji uandike kwamba umekubali. Wanasubiri jibu, na lisipopatikana mtambo utapelekwa kijiji kingine. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Basi nikachapa. Nikaandika yote, kigingi, mawe, babu akisafisha shamba, na mwisho nikaweka kwamba bondeni pachimbwe. Baba akasoma kwa kidole, polepole, akaniambia nimekosea jina la kitongoji. Nikarekebisha. Akasaini nakala tatu. Akataka kunilipa, tukabishana, akaacha unga na akaondoka.

Siku ya Alhamisi kijana wa kopi akanionyesha video kwenye simu. Mheshimiwa aliyejiuzulu alikuwa amerudi kwao. Msafara wa magari ulikuwa mrefu kuliko alipokuwa madarakani. Akina mama wanaimba, wazee wamemvisha mgolole, amepewa mbuzi mweupe na anacheka na mbuzi. Mtu akashika kipaza sauti akasema huyu ni shujaa, maana amekuwa mkweli. Kuhusu mahindi hakuna aliyeuliza. Nikamwambia baba kwa simu, nikidhani nitamchekesha.

"Mbuzi?" akasema.

"Mbuzi, baba."

"Kumbe watu wanaelewa," akasema, na nikasikia pumzi yake ikishuka. Sikumkatisha tamaa. Nilipaswa kumkatisha.

Jumamosi nikafunga duka nikaenda. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, watu wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, wengine chini. Nilikaa na shangazi. Binamu yangu hakuja. Alikuwa amebaki na watoto. Shangazi ana miaka karibu sabini sasa, na anakaa ameegemea upande mmoja kwa sababu nyonga ya kulia haimruhusu kukaa sawasawa. Alinipapasa mgongo akaniuliza habari za Korogwe. Nilijibu nzuri. Nilikuwa najua kitu ambacho yeye hajui, na sijawahi kuona aibu kama ile.

Tatizo la kwanza lilikuwa mtendaji. Hapo kijijini hakuna mtu aliyewahi kujiuzulu jambo lolote. Watu huacha vyeo kwa kufa, kuhama, au kufumaniwa. Mtendaji alipokea barua, akaigeuza, akauliza kama kuna fomu yake. Baba akasema fomu ni hiyo barua. Mtendaji akauliza nakala ya tatu ni ya nani. Baba akasema ni yake mwenyewe. Wakakubaliana hivyo, na baba akaomba aisome mwenyewe.

Alisoma vizuri. Ni mtu asiyeyumba akisimama mbele za watu, na koti lile humkaa vema. Alipofika kwenye "pale bondeni hakuna kaburi na halijawahi kuwepo," watu wakageukiana. Akaendelea hadi mwisho, hadi tarehe, hadi jina lake. Kisha akakunja karatasi akabaki amesimama. Nadhani alikuwa anasubiri kuzomewa. Alikuwa amejiandaa kuzomewa.

Mzee mmoja wa ukoo akainuka kwa mkongojo wake. "Mwenyekiti, tumekusikia," akasema kwa upole. "Umeanza lini kuumwa?"

"Mimi siumwi."

"Ndiyo hivyo huanza," mzee akawaambia watu, na vichwa vikatikisika. "Mtu akimkana mzee wake hadharani, ujue huyo mzee keshamgusa."

Baba akasema kwamba mawe aliyabeba mwenyewe. Wakamwuliza alikuwa na umri gani wakati huo. Akasema miaka tisa. Wakasema mtoto wa miaka tisa anajua nini, huenda babu alikuwa anafunika kaburi na hakumwambia. Baba akasema basi mbona ninyi nilipowaambia lipo mliniamini saa ileile? Mzee akajibu kwamba wakati ule mwenyekiti alikuwa mzima.

Mwanamke mmoja wa Bondeni, huyohuyo anayepanda kilima kila alfajiri, akasimama akasema yeye alikaa miaka sita bila mtoto, akaomba pale, akapata pacha. Akauliza: pacha wametoka wapi? Mfugaji mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na fimbo yake akaomba ruhusa ya swali. "Mimi nataka kujua tu," akasema. "Sasa ng'ombe zipite hapo, au zisipite?" Wakamwambia zisipite.

Ndipo shangazi akainuka. Ilimchukua muda, nikamshika mkono. Hakuwatazama watu, alimtazama mdogo wake.

"Mimi nimefagia pale miaka ishirini na miwili," akasema. "Kama hakuna mtu, nilikuwa nafagia nini?"

Wakapiga makofi. Walidhani analitetea kaburi. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikaona macho yake hayamwachi baba, nikajua kwamba alikuwa anauliza. Baba pia alijua. Alianza kumjibu, makofi yakamfunika.

Wakapiga kura ya mikono. Wanaotaka pachimbwe walikuwa wachache, wengi wao wasichana, na mtendaji aliwahesabu haraka. Kijiji kikaamua kwa maandishi kwamba kaburi lipo. Kujiuzulu kwa mwenyekiti kukakubaliwa, na kwenye muhtasari mtendaji akaandika kwamba ameachia nafasi kwa sababu za kiafya. Baba akapinga neno hilo. Akaambiwa asijali, ni utaratibu tu. Akachaguliwa mwenyekiti mpya, na jambo la kwanza alilopendekeza ni kwamba kaburi lijengewe saruji ili mambo kama haya yasijirudie. Wakampigia makofi naye. Baba akatoa ufunguo wa pampu mfukoni akaukabidhi, na watu kadhaa wakamfuata kumpa pole na kumshauri mganga.

Tulirudi nyumbani. Nikasonga bada, baba akala matonge mawili. Aliniambia kitu kimoja tu: kwamba alipodanganya alitumia maneno machache, na safari hii aliandika ukurasa mzima.

Asubuhi, jua limeshatoka, nilikuwa nafagia uani nilipomwona shangazi anapanda. Alikuwa peke yake na ndoo yake ya lita ishirini. Watu wa foleni ya pampu wakamsalimia kwa sauti ya juu kidogo, kama shujaa wa jana. Hakuingia kwenye foleni. Alikuja moja kwa moja kibarazani kwetu, baba alipokuwa amekaa kwenye kiti chake. Baba akainuka.

"Shikamoo dada."

Shangazi hakuitikia. Kwetu hilo halifanyiki. Hata watu waliogombania mashamba huitikiana. Akaweka ndoo chini.

"Mdogo wangu. Mimi nikija kuchota maji, wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Baba akaonyesha kiti.

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada."

Shangazi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepatiwa jibu la hesabu iliyomsumbua. Kisha akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikamgusa baba.

"Chota," akasema.

Baba akaichukua ndoo akaenda pampuni. Foleni ikampisha, labda kwa mazoea, labda kwa sababu ni mgonjwa. Akajaza. Akaelekea ukutani kwenye baiskeli yake, kwa sababu wanaume wa kwetu wakibeba maji hubeba kwa baiskeli, na wasipokuwa na baiskeli hawabebi.

"Kichwani," shangazi akasema.

Akafungua khanga yake ya juu, akaiviringisha ngata, akampa. Baba aliivua kofia yake akaniachia mimi. Watu wawili wa foleni walimsaidia kujitwika, hawamtazami usoni, na mmoja alianza kucheka akaacha. Wakaanza kushuka, baba mbele na ndoo, shangazi nyuma mikono mitupu. Mimi nikafuata nyuma yao na kofia.

Sijui niseme nini kuhusu njia ile. Baba ana miaka sitini na kitu na hajawahi kubeba kitu kichwani tangu utotoni. Shingo yake haikujua kazi hiyo. Maji yalimwagika mabegani, yakaloanisha kanzu, ikamng'ang'ania miguuni, na kila mteremko mkali alisimama akitafuta pa kukanyaga. Mara mbili nilisogea nimpokee. Mara zote mbili shangazi alinizuia kwa mkono bila kugeuka. Alitembea polepole kwa ajili ya nyonga yake, na hakuna hata mara moja aliyomwambia baba aharakishe au apumzike. Tulipita pembeni ya yale mawe. Ufagio ulikuwa umeegemezwa kwenye minyaa. Shangazi hakupageukia.

Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, pua za watoto wake zikichungulia nyuma ya gauni. Nilipomwona nikajua ameshaambiwa yote. Baba akaishusha ndoo, akaibana kwa magoti isipinduke. Shangazi akainama akatazama ndani. Ilikuwa nusu.

"Rudi," akamwambia.

Baba akaimimina kwenye pipa, akaokota ngata, akageuka kuelekea kilimani. Nikamfuata. Nilikuwa nimekwenda hatua tatu au nne binamu yangu aliponiita kwa jina, kwa sauti ya kawaida kabisa. Niligeuka. Alikuwa ameingia ndani na kutoka, na mkononi alikuwa na ndoo ya pili. Alinijia, akanichukulia kofia ya baba, akanipa ndoo.